Siku Arobaini na Mbili za Phébé

Shuleni walimwita Tiroir. Ndiyo, droo ya meza, ile iliyosahauliwa wazi kila anayepita akaigonga kwa goti. Phébé alikuwa na miaka kumi na sita, na taya lake la chini lilikuwa limetangulia mbele na kupinda kidogo kushoto, hata meno ya juu na ya chini yalikuwa hayajakutana tangu utoto. Muhindi wa kuchoma, raha ya watoto wote wa Kamina mvua zikiwa zimekolea, yeye aliupukuchua kwa vidole, punje moja moja, amegeukia ukuta. Kanisani aliimba kwenye mstari wa nyuma wa kwaya, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka mdomoni. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri. Uso ndio alioficha, na mimi simlaumu, maana watu wa mji huu wakishakupa jina hawalichukui tena.

Kulikuwa na daktari mmoja, Kapenda, fundi wa mataya, aliyekuja kwa treni kutoka Lubumbashi mara mbili kwa mwaka, akapasua watu katika hospitali ndogo ya misheni, akarudi. Alimwona Phébé mwezi wa sita mwaka wa tisini na sita, akampima uso kwa rula kama anayeshona koti, akamwambia baba yake, Papa Amédée, karani wa gare, yaani stesheni ya treni: "Mwezi wa kumi." Mwezi wa kumi ulifika, treni haikufika. Mwezi wa kumi na moja redio ikaanza kutaja vita vya mashariki. Mezani Phébé alipouliza habari za treni, Papa Amédée alijibu "Inakuja," kwa sauti ile ile aliyowaambia wasafiri dirishani, na binti aliyeijua sauti hiyo akasukuma sahani yake pembeni.

Alikiogopa kisu, asikudanganye mtu. Usiku aliota anaamka hana kidevu kabisa. Lakini alichoogopa zaidi ni kwamba vita vitafika Kamina kabla ya daktari, na yeye atazeeka na droo yake. Krismasi ikapita, Januari ikapita. Kila honi ya treni ilimwinua kitini, na mama yake, Mama Sylvie, mwalimu wa shule ya msingi, akamwambia: "Ikala, mutoto. Utachoka mbele ya kazi kuanza."

Daktari alifika mwezi wa tatu, kwa bahati tu, juu ya treni ya mizigo. Alikuwa amekonda, na hakupoteza maneno. "Ninafanya ya huyu mutoto na ya bengine babili, kiisha ninarudia. Sitakuja tena mpaka vita biishe. Sasa munisikie muzuri."

Wakamsikia. Taya lingekatwa na kurudishwa nyuma. Kisha meno ya juu na ya chini yangefungwa pamoja kwa waya, siku arobaini na mbili, bila kufunguliwa hata mara moja. Yakifunguliwa kabla, taya lingerudi lilikotoka, na hapo hakuna wa kulikata tena. Ila kulikuwa na hatari moja: mtu aliyefungwa kinywa akitapika anaweza kuziba pumzi akafa. Kwa hiyo pensi, ile koleo ndogo ya kukatia waya, isiachane naye hata dakika moja. Muuguzi Timothée, ambaye ndiye angebaki naye daktari akiondoka, aliongeza lake: "Kama matapishi ni maji-maji tu, uiname, kichwa chini kabisa, uache bipite pale nyuma ya magego. Kukata iwe ya mwisho." Halafu akaifunga pensi kwa kamba, akamvisha shingoni.

Jamani, maumivu. Uso ulivimba hata Papa Amédée alipoingia wodini siku ya pili alisalimia kitanda cha jirani. Phébé alivuta kwa pua kila pumzi, akiihesabu, akihofia ijayo haitakuja. Nyumbani alipewa maji ya maharagwe yaliyochujwa kwa kitambaa, na uji mwepesi, akifyonza kwa bua la jani la mpapai lililopenyezwa shavuni. Alizungumza kwa daftari. Kwenye jalada la nyuma alichora mistari arobaini na miwili, na kila asubuhi akafuta mmoja.

Siku ya kumi na mbili wamama wa kanisa wakaja kumwona, kwa nyimbo na unga na pole nyingi. Mke wa mchungaji aliinama, akaitazama ile kamba shingoni, akamwuliza Mama Sylvie polepole, lakini kila mtu akasikia: "Na ile mulimufungia mu shingo, njo kintu gani?"

Basi. Nyumba ya Kimethodisti, mwalimu na karani, na mtoto amefungiwa kitu shingoni mbele za watu! Mama Sylvie alieleza habari za pensi mara mbili, wenzake wakaitikia kwa vichwa, na vile vichwa vilivyoitikia vilimuuma kuliko matusi. Angesikia kesho kwamba wamekwenda kwa mganga. Walipoondoka tu, akaivua ile kamba, akaitundika pensi kwenye msumari nyuma ya mlango. "Hapa tunaiona bote," alisema. Phébé akaandika: MAMA, HAPANA. Mama Sylvie akasoma, akakunja daftari. Alikuwa mwanamke mwema, nami nampenda, lakini siku ile aliogopa midomo ya watu kuliko waya.

Wiki ile ile shangazi yake Phébé, Tantine Julie, akaja kutoka Kaniama kusaidia nyumbani. Tantine alikuwa na huruma isiyo na breki. Na siku ya kumi na tisa alikuwa na huruma mbili kwa mpigo, na kidogo ziue mtu.

Siku hiyo mji ulikuwa hauna utulivu. Waasi walisemekana wako karibu, na jamaa za askari wa base, ile kambi ya jeshi, walikuwa wanapakia malori. Papa Amédée alikuwa gare, maofisa wamemzunguka wanadai injini isiyokuwepo. Mama Sylvie alikuwa kwenye maombi. Huruma ya kwanza ilikuwa ya Mama Marceline, mke wa sajenti, mtu wa mkoa wa Équateur, kule kunakosemwa Lingala, aliyepanga chumba nyumba ya tatu na kuuza sabuni na samaki wa chumvi. Mama Sylvie hakumpenda. Alisema anacheka sana. Phébé alimpenda kwa sababu alimtania usoni na si mgongoni: "Tiroir, leo umekula nini, mbao?" Mama Marceline alikuja mbio kuazima kitu cha kukazia waya kwenye sanduku lake; mume wake alikuwa ametangulia Kananga, na lori la kumchukua yeye lilikuwa linaondoka. Tantine akatazama nyuma ya mlango, akampa pensi. Kumnyima mtu kifaa kinachoonekana ukutani, hilo kwao Kaniama halipo, na kazi ya ile pensi hakuna aliyekuwa amemweleza.

Huruma ya pili ilikuwa munkoyo. Tantine alimtazama Phébé, mifupa mitupu, akasema moyoni maji ya maharagwe hayajengi mtu. Akamjazia kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, kilichokaa siku moja zaidi ya ilivyotakiwa. Phébé alikuwa na njaa. Akafyonza chote.

Robo saa haikupita. Tumbo lilipanda, jasho likamtoka, mate yakajaa nyuma ya meno. Akageuka kwenye msumari. Msumari mtupu!

Alishika daftari akaandika PENSI kwa herufi kubwa, akamwinulia shangazi yake. Tantine Julie hakuwa amesoma hata siku moja. Akatazama herufi, akamtazama mtoto. "Unataka nini, mama? Maji?" Phébé akagonga msumari kwa kiganja, akakata hewa kwa vidole viwili, cha, cha, cha. Ndipo Tantine akashika kichwa. "Yesu! Ile pensi? Ile nilimupa mama ya soda, muke ya ule sajenti!"

Akakimbilia jikoni, akarudi na kisu. Alikuwa analia, mkono umeelekea kinywani mwa mtoto, na ncha ya kisu inatafuta waya. Phébé aliuona mkono ule na akaelewa mambo yote mawili kwa mara moja: kwamba anaweza kufa hapa mkekani, na kwamba kisu kile kikifaulu, taya limekwisha. Akamsukuma shangazi yake kwa bega. Akapiga magoti, akainamia beseni mpaka paji la uso likagusa bati. Kichwa chini kabisa. Likaja. Likajaa mashavuni, likapanda puani, pumzi ikakatika, macho yakaona weusi. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kufungua kinywa. Akavuta mashavu nje kwa vidole vyake mwenyewe, akasubiri, na taratibu, taratibu mno, munkoyo ukapita nyuma ya magego na kudondoka kwenye beseni. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha pua ikafunguka kwa mlio mbaya, na hewa ikaingia.

Alikuwa bado chini, Tantine anamfuta na kumwomba msamaha kwa Kiluba, mlango uliposukumwa. Mama Marceline. Vumbi mpaka kwenye nyusi, kandambili moja tu mguuni, pensi mkononi.

"Nzambe na ngai, Mungu wangu, mutoto iko muzima?"

Alikuwa ameshakaa juu ya lori, juu ya mizigo, alipopeleka mkono kwenye fundo la kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, na kugusa chuma. Wenzake walimwambia aitupe, koleo ni koleo. Lakini yeye alikuwa ameiona shingoni mwa Phébé siku za mwanzo, na aliijua kazi yake. Akashuka. Akamwomba dereva dakika kumi. Wakiwa bado wanatazamana mle ndani, wakasikia malori yakipiga honi, moja baada ya jingine, upande wa barabara ya kutokea mjini. Mama Marceline akakaa chini sakafuni. Sanduku lake, nguo, picha za mume wake, vyote vilikuwa vimekwenda, vimekazwa vizuri kwa waya.

Phébé alitaka kumwambia neno. Hakuna neno lililopita kwenye meno. Akaandika PARDON, na kalamu ikatoboa karatasi.

Mama Sylvie aliporudi aliambiwa yote. Alichukua pensi, akamvisha binti yake shingoni kwa mikono yake. "Baseme," alisema. Halafu akamtengea Mama Marceline kitanda.

Siku tatu baadaye askari wapya wakaingia mjini, na siku ya nne wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta wake wa askari waliokimbia. Mama Marceline angevaa chochote. Lakini akifungua kinywa tu, Lingala, lugha ya jeshi lililokimbia, ingemsaliti. Ni Phébé aliyepata wazo. Alichukua bandeji yake ya akiba, akamzungushia Mama Marceline kidevuni hadi utosini, akakaza, na kumkalisha mkekani karibu yake.

Askari aliyeingia alikuwa kijana, bunduki ndefu kumzidi. "Hawa wawili vipi?"

"Wamepasuliwa mataya," Mama Sylvie akajibu, kwa Kiswahili chake cha darasani. "Mwanangu na mdogo wangu wa Kaniama. Kusema hawawezi."

"Na hii?" Akaishika pensi shingoni mwa Phébé. "Fungua kinywa!"

Phébé akatikisa kichwa. Akili yake yote ilikuwa kwenye mkono ule: akivuta, akipiga kidevu kwa kitako cha bunduki, basi siku ishirini na tatu zimekwenda bure, na mwanamke aliye kando yake amekwenda pia. Yule kijana akampandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba. Akaziona waya, jino kwa jino, na damu kavu katikati. Akarudisha mkono upesi, akaufuta kwenye suruali, na hakumgusa wa pili. Akatoka.

Siku ya arobaini na mbili Timothée alikuja nyumbani na kukata waya kwa pensi ile ile. Kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja, kikauma vibaya. "Sasa funga," akasema. Phébé akafunga, na wote wakasikia meno yakikutana. Papa Amédée akatoka nje akajifanya anatazama paa.

Phébé akageukia mkeka. Sauti ilitoka nyembamba, ya kutu. "Mama Marceline," akasema, "ulishuka mu lori sababu yangu."

Mama Marceline alitazama dirisha. Lilikuwa wazi, na askari walikuwa wanapita barabarani. Akaweka kidole juu ya bandeji yake, akatikisa kichwa. Habari za mume wake huko Kananga hakuna aliyekuwa nazo. Redio ilisema tu kwamba na huko pia mji umepata wenyewe wapya.

Mama Sylvie akaleta ndizi mbivu laini. Phébé akaing'ata taratibu kwa meno ya mbele, mara ya kwanza maishani mwake, kisha akaiinua aonyeshe: alama za meno ya juu na ya chini, zimenyooka, zinatazamana. Mama Marceline akaichukua ile ndizi, akaigeuza huku na huku. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, yule mwanamke aliyecheka sana, na hakuna aliyemsikia. Yeye waya hakuwa nazo, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia siku yake ya kufunguliwa ni lini. Phébé akachukua daftari, akafungua jalada la mbele, ambalo halikuwa na mstari hata mmoja, akamwekea kalamu mkononi.