Shingo Mbele, Mkia Nyuma

Kijijini Ha Letuka, juu kabisa, ambako Milima ya Maluti haimpi mtu hata kipande cha tambarare cha kuchezea mpira, hakuna asiyemjua Mama Thuso. Ni mhudumu wa afya wa kijiji. Utamwona na begi la dawa begani, blanketi limebanwa kwa pini kifuani, mabuti ya mpira miguuni, anapanda na kushuka wala hahemi. Akikwambia meza, unameza. Akikwambia lala, unalala hata kama usingizi huna. Wanaume wazima, wanaomfokea farasi mpaka akatetemeka, kwake huvua kofia na kusema, "Ndiyo, Mama."

Jina lake la kuzaliwa ni Selloane. Alipoolewa, wakwe walimpa jina la mtoto hata kabla hajashika mimba, kama ilivyo desturi, na tangu hapo wa kumwita Selloane wakabaki wachache. Mmoja wao ni Sekhobe, mkuu wa kijiji, ambaye watu wote humwita Morena, yaani bwana mkubwa, hata mkewe. Hawa wawili walikulia kwenye mteremko mmoja, na ukitaka kujua Mama Thuso ni mtu wa namna gani, huna budi kuanzia mteremkoni.

Theluji kwetu si mgeni wa kila wiki. Ikija, enzi hizo, hakuna mtoto aliyekubali kukaa ndani. Kila mmoja alitoka na alichoweza kuiba: huyu beseni la mama yake, yule gunia la unga wa mahindi alilolijaza nyasi, mwingine kipande cha bati kilichong'oka kwenye paa la choo, na ole wako ukikaa vibaya kwenye bati. Hivyo ndivyo vilikuwa vitelezo vyetu. Lakini Sekhobe, mtoto wa mkuu, alitoka na ngozi nzima ya ng'ombe, iliyokauka kwa baridi mpaka ikawa ngumu kama mlango, kingo zimejikunja juu. Mbele ya ngozi ile, mwenye beseni alilificha nyuma ya mgongo.

Ngozi ilikuwa ya baba yake Sekhobe, kwa hiyo mbele alikaa Sekhobe. Nyuma alikaa Selloane, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiongoza. Akichimba kisigino cha kulia, wanakata kulia. Akichimba cha kushoto, wanakata kushoto. Kazi ya Sekhobe ilikuwa kupiga kelele. Wakifika chini kwenye miti ya mierebi ya mtoni bila kuanguka, Sekhobe alisimama, akatupia blanketi begani, akajigamba.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Wanaume wa kwetu wakitoka jandoni hutoka na majigambo, kila mmoja ya kwake, aliyoyatunga mwenyewe, na huyasema hadharani maisha yake yote. Wavulana wadogo waliiga. Aliyefika mierebini bila kuanguka alipewa nafasi ya kujigamba, na wasichana wakampigia vigelegele. Sekhobe alijiita radi, akajiita chui, akajiita dume jeusi lililovunja zizi. Selloane, ambaye visigino vyake vilikuwa vinawaka moto, alipiga vigelegele pamoja na wenzake.

Jambo hilo lilimuuma. Tusifichane, lilimuuma sana. Akiteka maji, akisaga mtama, alikuwa anatunga majigambo yake mwenyewe kimoyomoyo, anapunguza neno hapa, anaongeza pale, mpaka yakakaa sawa. Alichongoja ni siku ya kuyasema.

Siku yenyewe ililetwa na Sekhobe. "Leo sihitaji mtu wa kunikalia nyuma," alimwambia mbele ya wenzao wote. Akaitupa ngozi chini, akaketi, akasukumwa kwa nguvu. Ngozi ikasogea kidogo, ikanata kwenye theluji, na Sekhobe akabaki amekaa katikati ya mteremko kama mtu anayesubiri chakula.

"Ng'ombe wako kachoka!" mmoja akapiga kelele. "Mpe maji kwanza!"

"Mchape, Sekhobe! Labda kasinzia!"

Selloane akateremka mpaka alipo. "Geuza. Umetanguliza mkia."

"Mkia una nini?"

"Wewe mtoto wa wenye ng'ombe, hujawahi kumpapasa hata mmoja? Manyoya yanalala kutoka shingoni kwenda mkiani. Ukitanguliza shingo, yanateleza. Ukitanguliza mkia, yanasimama yanaishika theluji. Shingo mbele, mkia nyuma. Basi."

"Haya, nenda wewe, mjuaji."

Akaenda. Hakupiga kelele hata moja. Alilifikia jiwe kubwa lililowaangusha wengi, akalipita kwa ubavu, akashuka moja kwa moja mpaka ngozi ikagonga shina la mwerebi wa kwanza. Akainuka, akatupia blanketi begani kama walivyofanya wao, akafumbua kinywa.

"Mimi ni Selloane, binti wa upepo usiobisha hodi! Mlima ulinuna, nikaupita ubavuni..."

"We! We! Nyamaza!" Sekhobe alikuwa anashuka mbio, huku anaanguka na kuinuka. "Tangu lini msichana akawa na majigambo? Msichana anapiga vigelegele. Piga!"

Wote wakamtazama. Hakuna aliyemtetea, wavulana kwa wasichana. Selloane akafumba kinywa. Lakini vigelegele hakupiga. Aliikokota ile ngozi mpaka juu, akaibwaga miguuni pa mwenyewe, akaenda zake nyumbani, na hakuteleza tena. Maneno yaliyosalia alibaki nayo.

Miaka ikapita juu yao. Sekhobe akarithi kiti cha baba yake na kitambi cha baba yake. Selloane akaolewa palepale kijijini, akazaa, akafiwa na mume, akasomea uhudumu wa afya, akawa Mama Thuso. Hawakuwa maadui. Selloane alimtibia watoto na kumkemea kwa kula chumvi nyingi. Ila kwenye kila mkutano wa kijiji, Morena aliwashukuru wanaume kwa majina, mmoja mmoja, halafu akamalizia, "Na akina mama pia." Na kila mara Selloane alijikuta ameuma ulimi, mtu mzima na wajukuu zake, kwa jambo la watoto wa mteremkoni.

Mwaka jana theluji ilianguka nyingi kuliko tulivyozoea. Morena alitoka asubuhi kwenda kutazama kondoo, akateleza mlangoni mwa zizi, mguu ukavunjika chini ya goti. Selloane alifika, akaufunga kwa vijiti na vitambaa, akamvua kiatu, akashika vidole. Vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na rangi yake haikumpendeza.

"Damu haifiki chini," alisema. "Akilala hapa mpaka kesho, huu mguu watauondoa. Lazima afike kliniki leo."

Kliniki iko bondeni, ng'ambo ya mierebi. Farasi walijaribiwa, wakazama mpaka tumboni na kugoma. Vijana wakafunga mablanketi kwenye miti, wakambeba. Hawakufika mbali, mmoja akadidimia kiunoni, machela ikapinduka, na sauti aliyotoa Morena ilisikika nyumba ya mwisho.

"Mrudisheni," akasema Selloane. "Halafu leteni ile ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa Pasaka. Iko ukutani, ghalani kwake."

Morena alikuwa amefumba macho kwa maumivu, lakini hilo alilisikia. "Ngozi? Babu zangu walifungwa ngozini walipokwenda kuzikwa. Mimi nipo hai, Mama Thuso!"

"Ndiyo maana utakaa juu yake, hutafungwa ndani."

"Mkuu wa kijiji, nishuke mlima nimekalia ngozi, watu wananiona?"

"Walishakuona. Tena ilinata."

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Morena akamgeukia Selloane. "Nani ataongoza?"

"Kwani zamani aliongoza nani?"

Vijana wakaitandika ngozi, wakaitandika vibaya, mkia mbele, Selloane akawageuzia. Akaketi nyuma, Morena akaegemezwa kifuani pake, mguu umenyooshwa na kufungwa kwa blanketi. Visigino vya Selloane vilikuwa vinakumbuka kabla yake.

"Usijitikise. Ukitaka kupiga kelele, piga, umezoea."

Wakaondoka. Alichimba kulia, wakakata kulia. Theluji iliruka usoni, na Morena, mtu mzima na heshima zake, alimwita mama yake mara kadhaa. Jiwe kubwa lilikuwa palepale, nalo wakalipita. Tabu ilikuwa chini yake, mahali ambapo maji ya mvua yamekula ardhi miaka ya karibuni na kuacha korongo ambalo utotoni halikuwepo. Utotoni walipotaka kusimama walijiangusha tu. Leo mtu huyu hawezi kuangushwa.

"Selloane! Korongo!"

"Naliona."

Alizamisha kisigino kimoja kwa nguvu zake zote, ngozi ikazunguka, mkia ukaja mbele. Sasa alikuwa anashuka kinyumenyume, mgongo wake ukiwa upande wa korongo na uso wa Morena ukiangalia walikotoka. Manyoya yakasimama, yakaishika theluji. Ngozi ikaguna, ikapunguza mwendo, ikanata.

Morena alipata pumzi. "Umetanguliza mkia," alisema.

"Nilijifunza kwako."

Morena akacheka, akalia, akacheka tena, yote kwa pamoja. Selloane akashuka, akaikokota ngozi pembeni taratibu mpaka walipolizunguka korongo, akaigeuza shingo mbele, wakamalizia mteremko uliobaki polepole hadi mierebini. Wauguzi walikuwa wamewaona kutoka kliniki, wakaja mbio na machela, nyuma yao akina mama waliokuwa kwenye foleni na watoto wao mgongoni. Nesi akashika vidole vya mguu, akasema vyema wamewahi, inueni.

"Ngojeni," akasema Morena.

"Baba, mguu huu haungoji."

"Ni mguu wangu. Ngojeni kidogo." Akamgeukia yule aliyekuwa amejishika magoti, anahema. "Selloane. 'Mimi ni Selloane, binti wa upepo usiobisha hodi. Mlima ulinuna, nikaupita ubavuni.' Halafu?"

Selloane akajinyoosha. Alidhani hakuna mtu mwingine duniani anayeyakumbuka maneno hayo. "Bado unayo?"

"Nilikukatiza hapo. Mpaka leo najiuliza yalikuwa yanakwendaje."

Watu hawakuelewa, ila walisogea karibu. Selloane akafungua pini ya blanketi lake, akalitupia begani. Hakuhitaji kutafuta chochote, yote yalikuwa mahali alipoyaacha.

"Mimi ni Selloane, binti wa upepo usiobisha hodi!
Mlima ulinuna, nikaupita ubavuni.
Mawe yalinitegea miguu, nikayaachia vumbi jeupe.
Waliokaa mbele walipiga kelele;
mimi niliyekaa nyuma ndiye niliyejua njia.
Mierebi, inameni! Huyu anayekuja, hakuletwa na mtu."

Akina mama walikuwa wameshavuta pumzi tayari kumpigia, lakini kuna aliyewatangulia. Morena, mkuu wa Ha Letuka, akiwa chali kwenye ngozi ya ng'ombe wake, alikuwa ameinua kidevu na kupiga kigelegele. Kilikuwa kibaya, kimekwaruza, kama jogoo anayejifunza. Nesi akaziba mdomo kwa mkono.

Selloane alifuta uso kwa ncha ya blanketi. Kisha akamsimamia upande wa kichwa, mikono kiunoni, kama anavyowasimamia wagonjwa wake wote.

"Piga tena," alisema. "Hicho ni cha leo. Bado cha siku ile."

Naye Morena akapiga tena.