Friji Lililomsingizia Mama Mkwe

Friji letu linakaa sebuleni, kama mafriji mengi ya mtaa wetu wa Kiseke, kwa sababu jikoni hakuna nafasi na kwa sababu, tuseme ukweli, mtu akinunua friji anataka wageni walione. Juu yake kuna kitambaa cheupe chenye matamvua marefu. Mama mkwe alitufumia tulipooana, wakati macho yake bado yana nguvu. Alipohamia kwetu kutoka Sengerema ili awe karibu na kliniki ya sukari, kazi ya kukinyoosha aliichukua yeye. Kila asubuhi alipapasa kingo zake na kukivuta mbele, matamvua yaning'inie vizuri mlangoni. Nilimwacha. Mtu aliyelima maisha yake yote halafu akakalishwa kwenye kochi anahitaji kuwa na lake la kufanya ndani ya nyumba.

Kwenye friji hilohilo tulitunza dawa yake, kile kichupa cha insulini. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimchoma sindano. Akiamka alikitoa kichupa, akakiweka mezani, akaenda kuoga. Akirudi alimchoma mama yake, akakirudisha kichupa kwenye friji, kisha akawahi kazini. Hakuruka hata siku moja, na nilimpenda zaidi kwa hilo.

Halafu sukari ya mama ikapanda. Leo tukipima iko juu, kesho iko juu zaidi. Akawa anakunywa maji bila kukata kiu, anachoka hata kuongea. Mume wangu akaamua kwamba mama anakula vitu vitamu kwa siri. Alianza kwa utani, "Mama, chupa ya soda hii ya nani?" Baadaye utani ukaisha. Alihamishia bakuli la sukari chumbani kwetu. Akawa ananusa kikombe chake cha chai. Siku moja nikamsikia akimwambia, kwa ile sauti ya watu wanaojiona wavumilivu sana, "Mama, niambie tu ukweli, sitakasirika."

"Sijala kitu, baba," mama alijibu. "Ila hii dawa siku hizi ni ya baridi mno. Inauma ikiingia."

"Dawa inatoka kwenye friji, mama. Lazima iwe na baridi."

Tangu hapo mama alinyamaza. Alipunguza hata ugali, asije akaambiwa kitu. Jioni moja aliniomba, taratibu kabisa, nimtafutie usafiri wa kurudi kwake, akafie kwenye nyumba ambayo hakuna anayemwita mwongo. Niliumia sana. Mimi ndiye niliyeshinda naye, nilijua kila alichokula tangu uji wa asubuhi, na nilimwambia mume wangu hivyo. Akasema namtetea kwa sababu tunapiga umbea pamoja. Tunapiga, sikatai, lakini umbea haupandishi sukari.

Wakati huohuo friji nalo lilikuwa na ugonjwa wake. Nilikuwa nimeliyeyusha barafu mwanzoni mwa mwezi, nayo ikajaa tena upesi, mpaka kale kamlango ka ndani, ka sehemu ya kugandishia kule juu, kakagoma kufunga. Samaki wa rafu ya chini walianza kunuka, na mashine ikawa inanguruma kutwa bila kupumzika. Mume wangu alizungusha swichi ya baridi mpaka namba ya mwisho. Fundi tuliyempigia simu alisema gesi imeisha, na friji lenyewe hajaliona. Mafundi wetu ukiwauliza habari ya friji, gesi huwa imeisha. Mimi nikawaza, kama gesi imeisha, barafu yote hii inatoka wapi?

Jumamosi moja, mume wangu akiwa kazini, nilikaa sakafuni mbele ya friji nikiwa nimekusudia kujua. Nilibanisha kipande cha gazeti kwenye mlango, nikafunga, nikavuta. Kiligoma kutoka, maana yake mpira wa pale unabana. Nikajaribu chini, nikajaribu pembeni, kikagoma. Nikajaribu juu, kikatoka bila ubishi. Nikainua kitambaa. Matamvua yalikuwa yamebanwa kati ya mlango na friji, yamelowa chapachapa, na mpira umeacha upenyo. Hewa yetu hii ya ziwani yenye unyevu ilikuwa inapenya humo muda wote na kugeuka barafu.

"Umeona nini?" mama aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Mpira umechoka, mama." Sikuona sababu ya kumbebesha na hilo. Nilichukua sindano na uzi, nikayapindia matamvua kwa ndani na kuyashona, nikamwambia ndiyo mtindo wa siku hizi. Hakuupenda mtindo huo, lakini hakubisha.

Kisha nikazima umeme na kuanza kutoa vitu ili barafu iyeyuke. Boksi la insulini lilikuwa limesukumwa nyuma kabisa, kwenye rafu ya juu, limegandia kwenye barafu. Nilipolivuta likachanika. Nikakitikisa kichupa, hakuna kilichotikisika ndani. Dawa iliyotumika asubuhi ileile ilikuwa imeshakuwa jiwe. Nikaelewa. Kila siku ilikuwa inayeyuka pale mezani mume wangu akiwa bafuni, ikageuka maji tena, na yeye akamchoma mama yake bila kujua kitu. Nilikaa pale sakafuni nikalia kwa hasira na huruma, sijui kipi kilizidi.

Tulienda kliniki mchana uleule. Nesi alikishika kichupa akatikisa kichwa. Alisema insulini ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka, itupwe. Akamhudumia mama, akatupa nyingine, akatuelekeza tuiweke mbali na barafu.

Jioni mume wangu aliporudi nilimweleza yote mlangoni, kabla hajavua viatu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni kile kitambaa cha..." alianza, nikamfinya mkono akaishia hapo. Aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya kochi.

"Mama, nisamehe. Ulisema hujala kitu, sikukuamini."

Mama aliikaza kanga yake, nikaogopa kwamba bado anawaza usafiri.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unalamba sukari yangu stoo," alisema. "Nikikuuliza unasema hujala, na chembe zake ziko hapo mdomoni, nazitazama. Nilikuwa nakufuta mdomo, nakuambia, sawa baba, hujala."

Mume wangu aliinamisha kichwa akalia. Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata uso wake, akamfuta.