Kilomita za Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Timu ya akina mama wa mtaa ilibakiza nafasi moja katika mbio za kupokezana, na mawifi wote wawili waliitaka. Kocha akawagawia kila mmoja kidude cha kutia kiatuni na kicheza muziki kidogo. Kidude kinahesabu mwendo, kicheza muziki kinautangaza masikioni kati ya wimbo na wimbo. Atakayekimbia zaidi wiki hiyo, nafasi yake.

"Wifi, miguu hiyo imezoea stuli," yule dada alimchokoza. "Usije ukajishona njiani!"

"Domo kaya! Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Kweli fundi alikimbia. Siku mbili alirudi nyumbani anahema kama mvukuto. Siku ya tatu sare za shule zikamlemea, akaketi kazini na viatu vile vile, hedfoni masikioni, akakanyaga cherehani.

"Hongera!" sauti ikamwambia. "Umeongeza kilomita moja."

Akasita. Akaitazama miguu yake juu ya kanyagio, kisha akautazama mlango. Hapakuwa na mtu. Akavuta sare nyingine, akakanyaga. Wiki ikaisha, sare zikaisha, kilomita zikajaa pomoni.

Jumamosi kocha akasoma hesabu. Fundi alikuwa amemwacha wifi yake mbali mno. Makofi yakapigwa. Yule dada akavua kiatu taratibu. Kisigino kilikuwa malengelenge matupu.

"Umeniweza, wifi yangu," alisema, na safari hii hakukuwa na utani. "Nami nilijituma, Mungu anajua."

Fundi akavikumbuka visigino vyake, laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Makofi yakamchoma.

"Kocha, nafasi ni ya wifi. Mimi kilomita nyingi nimezikimbilia cherehanini."

Kisha wifi yake akaangua kicheko hadi akashika mbavu. "Mbio za sakafuni, wifi!"

"Ndiyo, na ukingo nimeuona. Lete hiyo fulana yako niipunguze, isikupepee kama bendera."

Fundi hakuacha kukimbia alfajiri. Ila akifika kazini, huvua viatu mlangoni na kukanyaga cherehani pekupeku, asije akapewa hongera ya bure.