Viti Sita vya Sepuka Jazz

Watu wa Utemini, mtaa wetu hapa Singida, waliokuwepo siku ile wengi bado wako hai, na hata sasa nikipita sokoni kuna mmoja au wawili wanaoniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama yule mgonjwa wangu amepona kikohozi. Kwa hiyo nimeona ni afadhali niieleze aibu hii mwenyewe, kwa mpangilio, maana kila anayeisimulia anaongeza chake (kuna wanaosema nililia, sikulia, nilikwenda nyuma ya choo nikasimama tu). Lawama ni yangu peke yangu, na mnaonifahamu mtaona kwamba niliyaharibu mambo kwa njia ileile ninayofanyia mambo yangu yote, yaani kwa uangalifu mkubwa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa kisomo cha watu wazima, kazi yangu kupeleka vitabu, chaki na taa za kandili kwenye madarasa ya vijijini, Ikungi, Sepuka na kwingineko, mara kwa lori, mara kwa baiskeli. Shule niliishia darasa la nne, mengine yote nimejifunza kwa kusoma mwenyewe, na mtu aliyejifunza mwenyewe hupenda kuandika kila kitu, kwa kuogopa kwamba asipoandika hana ushahidi kuwa anajua. Nilikuwa na daftari gumu lenye sehemu mbili. Mbele niliandika mahali pa kula: hoteli ya stendi, chai nzito, maandazi ya jana; kwa Kanji karibu na soko, bajia za moto saa kumi kamili, meza safi. Nyuma niliandika muziki: kila bendi iliyopita mjini kupiga dansi, kila kwaya, kila ngoma, nikitaja vyombo, waimbaji na kasoro. Kugundua bendi changa kabla mtu mwingine hajaisikia ndiyo ilikuwa starehe yangu pekee, maana pombe sinywi na kucheza sijui. Watu waliniita Mwalimu nikiwepo, na Bwana Daftari nikishapita.

Sasa, pale Sepuka palikuwa na Mama Monika, mwenye nyumba ya vyumba viwili, mbele kilabu cha pombe na nyuma jiko, na katika jiko lile alipika kuku wa kienyeji na ugali wa uwele ambao nimeuandika kwamba haujapata mfano tangu Ikungi mpaka kwake. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, kuingia kilabuni kusingewezekana, kwa hiyo nilikuwa nakula nyuma, juu ya kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa udongo. Mchana mmoja nikiwa na paja la kuku mkononi nikasikia muziki ukianza ndani: magitaa mawili, besi, ngoma, waimbaji wawili. Nikaacha kutafuna.

Kwanza nilichunguza kama ni redio, maana mimi si mtu wa kurukia mambo. Redio ina mtangazaji. Nikasubiri nyimbo tatu, mtangazaji hakutokea. Tena redio haisikii ikiambiwa, lakini humu ndani watu walipoita, "Petro, rudia huo," wimbo ulirudiwa. Nikahitimisha kwamba ni bendi. (Gramafoni? Gramafoni nilizozijua mimi zilikuwa mbili, zote mjini katika nyumba za wenye maduka, na haikunipitia kichwani kwamba ya tatu ingeweza kuwa Sepuka, nyuma ya mgongo wangu.) Nikanawa mkono, nikatoa daftari, nikaandika: "Bendi mpya. Kiongozi, Petro. Watu sita. Nidhamu ya ajabu, wimbo ukirudiwa haukosewi hata kidogo. Mwimbaji wa pili anakohoa katika ubeti wa tatu, kila mara palepale, lakini haachi kuimba. Apate dawa." Jina sikulijua, nikawapa mimi mwenyewe, Sepuka Jazz, maana bendi changa inahitaji kusaidiwa.

Mama Monika akatoka kuchukua kuni, akanikuta naandika.

"Mwalimu, ingia basi usikilize vizuri. Hatutakula."

"Hapa panatosha, mama."

"Yaani unasikiliza ukuta?"

"Nasikia kila kitu."

Kutoka kwenye kigoda kile mpaka mlango wa kilabu ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu baadaye, nilipokwenda kuzihesabu kwa makusudi. Hizo hatua kumi na moja ndizo ambazo sikuzipiga.

Binti yangu Eliza, mtoto wangu wa pekee, alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na wakwe walikuwa wanatoka Dodoma, watu waliozoea dansi. Upande wa mke wangu wana desturi yao: binti hatoki nyumbani mpaka mjomba wake amshike mkono, na anatolewa kwa ngoma. Mjomba wa Eliza ni shemeji yangu Ntandu wa Ikungi, kaka mkubwa wa mke wangu, mwenye kikundi cha ngoma cha watu tisa ambacho kilikuwa kimewatoa mabinti wote wa ukoo ule, pamoja na mke wangu (kwa hiyo hata mimi nilipewa mke kwa ngoma ile, na ilinipasa kulikumbuka hilo). Majuma matatu kabla ya harusi alikuja Utemini, amevaa koti lake la kijivu, akaketi, akapewa chai.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimekuja tupange saa. Tuko tayari, sote tisa. Safari hii hata wale wazee wawili wamesema watakuja."

Ningejibu sawa, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikalifungua daftari. Nikamweleza kwamba nimegundua bendi mpya, ya kisasa, ambayo wakwe watashangaa kuikuta Singida, na kwamba yeye safari hii apumzike. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalielekezea daftari kidole.

"Na sisi umetuandika humo?"

"Nimewaandika, shemeji."

"Tusomee."

Nikasoma, kwa sauti, kwa kuwa siku zile niliamini ukweli ulioandikwa haumuumizi mtu: "Ngoma ya Ikungi. Inajirudia."

Akangoja niendelee. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Haya," akasema. "Nitakuja kama mjomba." Akamaliza chai yake, akaaga vizuri kabisa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika, amesikia yote. Alirudi nalo jikoni bila kunimiminia.

Nikamwandikia Mama Monika barua kupitia mwalimu wa kisomo wa kule, kwamba naomba ule muziki wa kilabuni kwake uje Utemini siku ya harusi. Jibu likaja: muziki utafika, Petro ataleta mwenyewe kwa lori la asubuhi. Kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli. Nikaazima viti sita kanisani, nikavipanga mstari mmoja mbele ya mlango wa nyumba, nikaagiza sahani sita za kuku zifunikwe pembeni, na mjini nikanunua chupa ya dawa ya kikohozi. Habari za yule mwimbaji nilizisambaza mwenyewe. Nilimtaja darasani kama mfano wa mtu asiyekata tamaa, nikamtaja kwa majirani, na wakwe walipofika nikamsimulia kwa kirefu shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene mchangamfu aliyekaa kiti cha mbele, akasikitika sana, akasema vijana wa namna hiyo siku hizi ni wachache.

Petro alifika saa nne, mwanaume wa makamo, shati safi, sanduku la mbao kichwani na kifurushi kwapani kimefungwa kwa kanga.

"Karibu sana, kiongozi. Wenzako wanakuja na lori lipi?"

"Wenzangu gani, Mwalimu?"

"Wa bendi."

Akavitazama vile viti sita, kisha akanitazama mimi, na nadhani alielewa kabla yangu, maana alishusha sauti kama mtu anayezungumza na mfiwa. "Mwalimu, mimi niko peke yangu. Wengine wote wamo humu," akaligonga sanduku kwa vidole.

Akaweka sanduku juu ya kiti cha kwanza, akaketi cha pili, akafungua kifuniko, akachomeka mpini, akaanza kuzungusha. Viti vinne vikabaki vitupu mbele ya umati wote, na mimi nikabaki nimesimama kando yake kama mtu aliyeajiriwa naye. Kule Sepuka kuta za chumba kidogo zilikuwa zinaikusanya ile sauti; uwanjani ilitoka kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Wageni kwa adabu wakanyamaza wote ili waisikie, wakaacha hata kutafuna, na ukimya ule ndio ulionimaliza, maana ubeti wa tatu ulipofika, santuri ikapita kwenye mkwaruzo wake, ikakohoa, na kila mtu akasikia.

Shangazi wa bwana harusi akainamisha kichwa, akasikiliza vizuri.

"Mwalimu, ndiye huyu?"

Nikaligeukia sanduku.

"Basi mpe dawa yake. Usimwache ateseke siku ya harusi."

Kicheko kilianzia kwake kikaenda mpaka kwa wapishi. Na naandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa ningependa kuliacha: mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni na kuitoa ile chupa. Sijui kwa nini. Nadhani ulikuwa unafuata ratiba. Watu waliiona chupa, wakacheka upya, na mtu mmoja nyuma akauliza kama ni kijiko kimoja au viwili.

Petro akaendelea kuzungusha, lakini springi ilikuwa imechoka, kila baada ya muda waimbaji wale walianza kuburuza maneno kama walevi, akina mama wakajaribu kuziba kwa vigelegele, vikafa. Mke wangu akatoka ndani, akanipita bila kunitazama, akaenda kwa kaka yake aliyekuwa amekaa kimya na koti lake la kijivu.

"Kaka, hata ngoma moja. Hata wewe peke yako."

"Nimekuja na mikono tu, dada. Ngoma sikubeba."

"Tutaazima kwa jirani. Wenzako hawawezi kuitwa?"

"Wako Ikungi wanafunga mizigo. Kesho wanahama." Akasema taratibu, wala hakuwa ananiambia mimi, ila nilikuwa karibu. "Kila mmoja kapangiwa kijiji chake. Ndiyo maana tuliitaka leo. Tulisema tumtoe Eliza, halafu basi."

Sikuwa nimejua. Mimi niliyeandika bei ya maandazi na idadi ya meza za kila hoteli, niliyepita Ikungi kila mwezi na kuona watu wakihesabiwa kwa ajili ya vijiji vipya, sikuwa nimejiuliza watu tisa wa ngoma wataangukia wapi. Alipokaa kwangu akinywa chai alikuwa amekuja kuniomba siku yao ya mwisho, akaona aibu kuisema, nami nikamsomea daftari.

Eliza alitolewa hivyohivyo. Mjomba wake akaingia ndani, akamshika mkono, akatoka naye polepole, akimtembeza kwa hatua za ngoma ambayo haikuwepo, na nyuma yao ule wimbo ukiburuzika. Eliza alipofika kwangu kuniaga alikuwa amekwisha kulia, uso umekauka. Sikuona hasira usoni pake, na ningeipokea hasira kuliko alichoniambia.

"Baba, ungeingia tu ndani ukaona."

Petro alikula sahani moja, nyingine tano zikapoa pale chini ya vifuniko vyake. Alikataa kuondoka mpaka aniombe radhi, mtu yule, kana kwamba kosa ni lake, na mimi nikampa ile chupa ya dawa kwa kuwa sikujua niiweke wapi.

Mvua za kwanza zilipopita nilikwenda Ikungi, alikopangiwa kubaki, kumwomba shemeji msamaha. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akamwita mtu aniletee maji. Ngoma zilikuwa juu ya dari ya jiko, ngozi zimekuwa nyeusi kwa moshi. Wenzake, alisema, wako vijiji vitano mbalimbali, wawili hana habari zao, na mmoja wa wale wazee amekwisha kufariki. Nilipoanza kusema nilichokwenda kusema alininyanyulia mkono.

"Yamekwisha, shemeji. Ulisema ulichosikia."

Nilirudi nyumbani nikalifungua daftari, nikakata kauli kwamba angalau nitaandika ngoma ile ilivyokuwa, kwa urefu, kila wimbo, nani alianza na nani alipokea, ili isipotee. Nilikaa na kalamu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimeisikia katika harusi kumi na mbili, moja ikiwa yangu, na katika zote nilikuwa nimekaa pembeni nikiandika vitu vingine. Sikukumbuka hata wimbo mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikamwita mke wangu aniimbie. Akasema hajui kuimba kwa ajili ya daftari.

Tangu siku hiyo sijaandika tena bendi, wala ngoma, wala bajia za mtu. Nikisikia muziki nyuma ya ukuta naingia, hata kama ni kilabu, na uzee wangu wa kanisa nimeurudisha kwa wenyewe. Daftari lenyewe bado ninalo, siwezi kulichoma. Katika maandishi yote niliyowahi kuyaona, ya ofisini na ya kwangu, pale ndipo mahali pekee ngoma ya Ikungi ilipotajwa, na ukurasa ule una neno lile moja, na mwandiko, mzuri sana, ni wangu.