Mama Namba, Anayecheka Akiwa Ameikalia Mikono Yake

Hakuwa na cheti cha uigizaji. Hakuwa na ajira. Hakuwa na miwani ya kusomea, wala mtu mkubwa wa kumshika mkono. Televisheni aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa imekufa picha ikabaki sauti, akawa anaisikiliza kama redio. Na hakuwa na meno mawili ya mbele, ya juu.

Saa mbili asubuhi, mwanamke huyo yuko ndani ya chumba kidogo kilichotandikwa mablanketi ukutani. Taa imezimwa ili aone skrini vizuri. Ameketi kwenye kiti cha mbao, kiganja kimoja kimebanwa chini ya paja la kulia, kingine chini ya paja la kushoto.

Kwenye skrini kiboko mwenye kofia ya tarishi anateleza kwenye tope, mkoba wa barua unaruka juu. Kiboko anaachama mpaka kinywa chake kinajaa skrini nzima. Hapo mwanamke anacheka.

Ni kicheko kinachoanzia tumboni, kikapanda taratibu kama mtu mnene anayepanda ngazi. Kikifika juu kinaishiwa pumzi, na mwisho kabisa, anapovuta hewa, kinatoa mluzi mdogo. Upande wa pili wa kioo, fundi wa sauti anainua kidole gumba.

"Naweza kuitoa mikono sasa?" anauliza.

"Itoe, Mama. Ila usiende nayo mbali."

Watoto wanaoangalia ile chaneli mpya ya katuni wanamjua kama Kiboko Tarishi. Majirani wanamwita Mama Namba, na jina hilo lina historia yake.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwita wagonjwa katika zahanati. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita namba: arobaini na saba, chumba cha pili, arobaini na nane, kwa mama wa sindano. Mshahara wake ulilipa kodi ya vyumba viwili na kununua chakula cha nusu mwezi. Nusu iliyobaki, anasema, alimwachia Mungu aitafutie njia, na hakumbuki mwezi ambao njia ilikosekana.

Kisha ikaja mashine ya kuita namba. Ilikuwa na sauti ya mwanamke. Mama Namba anaizungumzia bila kinyongo. Anasema ilikuwa inaita vizuri tu, ila mgonjwa akisinzia kwenye benchi, mashine haikuwa na miguu ya kumfuata.

Alikaa nyumbani miezi saba, akishona vifungo vya nguo za watu pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye anaishi naye mpaka leo. Wawili hao hutaniana tangu jua linapochomoza. Wifi hudai kaka yake alioa kimya kimya kwa sababu bibi harusi alikuwa haonyeshi meno. Mama Namba humjibu kwamba wifi alionyesha yote, na bado hakuolewa.

Siku moja mlango ukagongwa. Mgeni alikuwa mwanamke mwenye mkoba na faili kubwa, na wifi akajua moja kwa moja kuwa huyo ni mdai. Akasimama mlangoni, akasema mwenye nyumba hayupo. Kutoka jikoni ikasikika sauti nzito, safi, isiyo na wasiwasi: "Mwambie sipo, nimesafiri."

Mgeni akacheka. "Ni huyo huyo," akasema. "Ndiye niliyemtafuta."

Alikuwa mwongozaji wa vipindi. Miaka michache kabla ya hapo alikaa kwenye benchi la zahanati na mtoto mwenye homa, na sauti iliyoita namba yake ilimkaa kichwani. Sasa kampuni yake ilikuwa imepata leseni ya kufungua chaneli ya watoto ambayo tayari inatazamwa katika nchi nyingi. Masharti yalikuwa kwamba katuni zote zisikike kwa Kiswahili, na kwamba sauti ya kila mhusika mkuu ikubaliwe kwanza na wenye chaneli, huko ng'ambo.

Msomaji anaweza kujiuliza kama mwandishi wa habari hii alivyojiuliza: watu wasiojua Kiswahili wataipimaje sauti ya Kiswahili? Jibu ni rahisi. Maneno waliwaachia wenye lugha. Wao walisikiliza vitu visivyo na lugha: kulia, kupiga miayo, kushtuka, kukohoa na kucheka. Na kwa kiboko, ambaye kila kipindi huachama akacheka, kicheko ndicho kilichokuwa mtihani wenyewe.

Mama Namba alipita yote isipokuwa hicho.

Jibu la kwanza kutoka ng'ambo lilisema kicheko kimezibwa. Fundi wa sauti akabadilisha maikrofoni. Jibu la pili likasema bado kimezibwa. Fundi akayalaumu mablanketi. Akayashusha, akayakung'uta, akayapunguza. Jibu la tatu likasema sauti ni nzuri, lakini inasikika kama mtu anayecheka ndani ya kabati, na kwamba ikishindikana tena kazi apewe mtu mwingine.

Huyo mwingine alikuwapo tayari, mwigizaji wa jukwaani mwenye cheti. Ufunguzi ulikuwa umebakiza wiki tatu, na mabango ya kiboko yameshabandikwa mitaani, kinywa wazi. Mama Namba alikuwa akiyapita akienda kurekodi, anasema, akiona kama yule mnyama anamcheka yeye.

Usiku aliomba dua moja tu: kama kazi si yake, basi aondoke vizuri, asije akamchukia aliyempa nafasi.

Ukombozi uliletwa na fundi umeme. Alikuja kubadilisha balbu ya chumba cha kurekodia, akaijaribu, akaondoka bila kuizima. Kwa mara ya kwanza, fundi wa sauti akamwona Mama Namba akicheka kwenye mwanga. Akasimamisha kazi.

"Mama," akasema kwenye maikrofoni yake, "huo mkono unafanya nini hapo?"

"Mkono gani?"

Mkono wa kulia ulikuwa mdomoni. Kiganja kilikuwa kimeufunika mdomo wote, vidole vinne juu ya shavu, kama mfuniko juu ya sufuria. Na mwenye mkono hakuwa na habari.

Meno yake yalikwenda alipokuwa na miaka kumi na minne. Mpini wa pampu ya maji ulimponyoka ukarudi juu kwa nguvu. Kesho yake shuleni wakamwita Kibogoyo, na tangu siku hiyo mkono ulijua kazi yake wenyewe. Pesa za kutia meno zilipatikana mara tatu. Mara ya kwanza zikawa karo ya mdogo wake, mara ya pili mabati, mara ya tatu sanda ya mumewe.

"Sikujua bado nafanya hivyo," anasema. "Mtu haoni kope zake mwenyewe."

Fundi wa sauti aliiacha taa ikiwaka, akamwambia acheke tena mikono ikiwa mapajani. Mkono ukapanda wenyewe. Akamwambia ashike kiti. Mkono ukakiacha kiti ukapanda. Mwisho mwongozaji akaingia, akamnong'oneza aikalie.

Akaikalia. Kiboko akaachama, na Mama Namba akacheka kwa kinywa kitupu kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minane. Fundi alilazimika kuvua hedifoni. Kicheko kilipokwisha, aliyekicheka alikuwa analia.

"Niliolewa miaka ishirini na miwili," anaeleza, macho kwenye kikombe chake cha chai. "Yule baba alikuwa mtu wa mizaha, kila siku ananichekesha. Amekufa hajanisikia. Alikuwa anausikia mkono."

Jibu la nne kutoka ng'ambo lilikuwa na maneno machache: huyu ndiye, asibadilishwe.

Jioni ya ufunguzi alikwenda na wifi yake kuangalia kwa jirani, kwa kuwa televisheni yao ilikuwa bado ni ya kusikiliza tu. Sebule ilijaa watoto wa mtaa mzima. Kiboko aliteleza, akaachama, akacheka, na watoto wakaangukiana kwa kicheko. Hakuna aliyejua kwamba mwenye sauti amekaa nyuma yao kwenye kigoda. Wifi, aliyekuwa anajua, alimfinya mpaka akamwachia alama.

Leo kwa kipindi kimoja hulipwa kiasi ambacho zahanati ilimlipa kwa siku tisa. Televisheni ya nyumbani imerudi na picha. Ile zahanati ameipelekea mablanketi sita ya wodi ya watoto, na anaposimulia hayo hutaja watu kwa mpangilio, kama anayeita namba: Mungu, mwongozaji, fundi wa sauti, fundi umeme aliyesahau taa, hata mashine iliyomtoa kazini. "Isingenitoa ningekuwa pale pale mlangoni," anasema.

Tatizo lililobaki ni meno.

Wenye chaneli waliupenda ule mluzi wa mwisho, unaotoka hewa inapopita kwenye pengo. Wakauandika kwenye mkataba: mwenye sauti ya kiboko asibadilishe chochote kinywani mwake bila idhini yao ya maandishi, iliyoombwa kwa barua yenye saini ya wino. Mama Namba aliweka saini kwa furaha, maana siku hiyo hakuwa na hata senti ya kubadilisha kitu. Sasa pesa anazo.

Alijaribu meno ya kuvaa na kuvua, ili ya nyumbani yawe ya nyumbani na kazini aende na pengo. Daktari wa meno alimtengenezea, lakini fizi zake zimekwisha kulegea na hayakai. Yalidondoka kwenye beseni la kufulia. Yakadondoka tena kanisani, katikati ya wimbo, na wifi akalazimika kutoka nje kwa kisingizio cha kikohozi. Daktari amesema dawa ni meno ya kudumu. Yakishawekwa, hayatoki.

Anapoulizwa kama bado anaona haya, anatikisa kichwa. Haya imekwisha, anasema, watoto wameyacheka mapengo yake nchi nzima na yeye analipwa. Anachotaka ni kitu kidogo zaidi.

"Nataka kung'ata pera. Zima, na ganda lake. Miaka yote hii nakata kwa kisu kama mgonjwa."

Lakini kazi hataki kuipoteza kwa ajili ya pera. Fundi wa sauti ndiye aliyepata njia. Amerekodi vicheko viwili: kimoja Mama Namba akiwa na pengo lake, kingine akiwa amevaa yale meno ya kudondoka, ameyashikilia kwa ulimi mpaka kicheko kiishe. Kwenye flashi vimeandikwa Moja na Mbili, basi. Fundi mwenyewe ameshavisikiliza mara nyingi na kila siku ana jibu jipya. Wenye chaneli wakishindwa kubaini kipi ni kipi, Mama Namba anaomba atie meno. Wakibaini, atabaki na pengo na kazi yake.

"Na nitashukuru vile vile," anasema. "Sikudai hata hiki nilicho nacho."

Barua ameiandika mwenyewe, kwa miwani mpya, na mwongozaji ameambatisha tafsiri. Ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ni shukrani, na wa pili pia, mpaka mstari wa mwisho. Ombi liko kwenye mstari huo.

Wifi anaisoma mezani, jikoni, na kusema imezidi.

"Umewashukuru mpaka watasahau unataka nini."

"Wakisahau, shukrani zitakuwa zimefika."

"Na pera je?"

"Pera lina msimu wake, wifi yangu. Nipe hiyo bahasha."

Anaiingiza barua, kisha tafsiri, kisha flashi iliyofungwa kwenye kitambaa. Anailamba gundi ya bahasha kutoka pembe hadi pembe. Ulimi unapita penye pengo kama mtu anayepita mlango aliouzoea. Anaikandamiza kwa ngumi, mara mbili, na wifi anaongeza ya tatu.

Posta haiko mbali. Karani wa dirishani anaipokea, anaipima, anaibonyeza na kuhisi kitu kigumu ndani. Anauliza, kama anavyouliza kila mteja, kama kuna kitu cha kuvunjika.

"Kuna vicheko viwili," anasema Mama Namba.

Karani anamtazama. Anaisikia ile sauti, anasita, kisha anatabasamu polepole kama mtu aliyeacha mtoto nyumbani mbele ya televisheni. Anagonga muhuri. Bahasha inaangukia kwenye gunia la safari ya mbali.

Mama Namba anacheka, na mluzi unafika mpaka mlangoni. Mikono yake yote miwili iko juu ya kaunta.