Chumba cha Mtoto Mmoja

Basi lilipoiacha Makanya upepo ulianza kulisukuma ubavuni, na Mwanamkasi akafunga kioo. Kulia kwake milima ya Upare ilikwenda sambamba na barabara, imevaa mawingu mazito yasiyokuwa na nia ya kushuka. Kushoto ilikuwa nchi kavu, mkonge na vichaka vya rangi ya majivu. Alikuwa hajawahi kufika Same. Alikwisha kushona Mombasa na Maskati, akaulizwa maswali ya wenye nyumba kwa Kiarabu na kwa Kigujarati, na sasa duka moja la mjini Same lilitaka fundi wa sare za shule mpaka Januari. Cherehani yake ilikuwa kwenye buti, imefungwa blanketi mbili kama mgonjwa.

Pale stendi alimkuta dalali Sadock amekaa juu ya pikipiki yake.

"Shikamoo mama. Una watoto?"

"Marahaba. Hata jina hujaniuliza."

"Jina halifukuzi mtu, mama."

"Ninaye mmoja. Ana ndevu, na yuko Maskati."

"Basi huna," Sadock akasema, na uso ukamkunjuka.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya barabara kuu, upande wa mlimani. Mwenyewe, Bibi Beatha, alikaa nyumba ya mbele. Nyuma kulikuwa na vyumba vitatu vyenye kutazama uwanja, kimoja cha kuwekea mahindi na viwili vya kupangisha. Katikati ya uwanja palikuwa na kisima cha kuhifadhia maji, kwa kuwa bomba lilitoa mara mbili tu kwa wiki. Mdomo wake ulifunikwa kwa bamba la zege, na juu ya zege yaliwekwa mawe mawili ambayo mtu mmoja asingeyainua.

Bibi Beatha alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mji ule walilia kilio chao cha kwanza mikononi mwake. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini masikio yalikuwa yamebaki makali, na alipozungumza na mtu aligeuza kichwa pembeni kama anayemsikiliza mwingine aliye nyuma yake.

"Nyumba hii haina watoto," alisema. "Yuko mmoja tu, wa Koleta, chumba cha kati. Mkubwa, anasoma, hana kelele. Mwingine sitaki. Nimewapokea wengi, wametosha."

Sadock akamweleza Mwanamkasi sababu walipokuwa wanaingiza cherehani. Miaka sita nyuma mtoto wa mpangaji alitumbukia kisimani. Alitolewa mzima, lakini Bibi Beatha alilala polisi siku mbili kwa kuacha kisima wazi, yeye, mkunga, na waliomfunga walikuwa vijana aliowazalisha. Alipotoka aliwaita mafundi wakatengeneza lile bamba, kisha akawaondoa wapangaji wote wenye familia.

Jumapili ya kwanza Koleta alimletea Mwanamkasi bakuli la makande kumkaribisha. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Suji, kule juu milimani, wa miaka thelathini hivi, vidole vyake vinanuka tangawizi, maana kazi yake ilikuwa kuchambua na kusafisha tangawizi ghalani kwa mnunuzi. Mumewe Hezroni alikata mkonge shambani huko tambarare na kulala kambi ya wanaume peke yao, ambako mwanamke na mtoto hawakuruhusiwa. Alikuja mara mbili kwa mwezi. Shamba la Suji lilikuwa limechukuliwa na shemeji.

Mwanamkasi alipomrudishia bakuli alilichungulia sufuria lililokuwa juu ya jiko mlangoni.

"Sufuria lile ni la mtoto mmoja?"

Koleta alifunika sufuria.

Jibu lilikuja lenyewe, Jumatano, saa nne asubuhi. Koleta alikuwa ghalani na mwanawe Asheri, wa miaka tisa, shuleni. Kufuli lilining'inia mlangoni mwao. Mwanamkasi alikuwa anakanyaga cherehani, na kila aliposimama kubadilisha uzi alisikia mdundo wa mashine yake ukiendelea ukutani, taratibu, kama kwamba nyumba imejifunza kushona. Akakunja kidole akagonga ukuta mara tatu.

Ukuta ukagonga mara tatu.

"Nani?" alinong'ona.

"Shikamoo shangazi," ukuta ukanong'ona. Kisha sauti nyingine, ndogo zaidi, nyuma kidogo: "Shikamoo."

Jioni hiyo Koleta alikaa kwenye kigoda cha Mwanamkasi, mikono katikati ya magoti.

"Mwenye nyumba wa kwanza aliuliza kama wanakojoa kitandani," alisema. "Wa pili akasema ukuta wake umepakwa rangi juzi. Mwingine, mlokole, alituombea kwanza, kwa kirefu, ndipo akafunga geti. Mwingine hakusema kitu, alihesabu vichwa tu kwa kidole. Nyumba ya kumi nikawaacha wawili kwa mama muuza mchicha, nikaja na Asheri peke yake. Nikasema ninaye mmoja."

"Na hawa umewaficha miezi mingapi?"

"Mitatu. Brightness ana miaka mitano, Tumainieli mitatu. Bibi haoni, dada. Anasikia tu. Kwa hiyo hawavai viatu, hawakohoi bila kuweka khanga mdomoni. Kuoga ni alfajiri, kabla hajaamka. Mchana wana ndoo yao, uji wao na ndizi. Nimewafundisha vizuri." Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi: "Mtoto wangu wa mwisho sijamsikia akicheka tangu Juni."

"Wakiungua humo ndani, Koleta? Na kufuli nje?"

"Unadhani silifikirii? Nalifikiria kila tangawizi ninayoishika. Lakini wanangu wanalala watatu kwenye mkeka mmoja, na mimi nawasikia wote watatu wakipumua. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani. Nikiondoka hapa lazima nimgawe mmoja wao."

Tangu siku ile Mwanamkasi akawa na kazi mbili. Alishona, na aligonga. Mara tatu ukutani, kisha mdomo karibu na ufa: watoto wanamwamkia, naye anawaitikia marahaba, wanangu, mmeamkaje. Alimkumbuka mwanawe alipokuwa umri ule. Alimkumbuka pia mama yake mwenyewe kule Pangani, aliyekuwa akisema kwamba mtoto asiyeamkia ni aibu ya aliyemzaa. Wiki ya pili aliwafundisha kupokezana, mkubwa kwanza, mdogo baadaye. Wiki ya tatu alipita mlangoni kwao kwenda kukinga maji bombani, akagonga ubao mara tatu kwa mzaha, nao wakamwamkia wote wawili, kwa sauti iliyokaribia kuwa ya kawaida. Alifurahi siku nzima.

Koleta alipojua alikunja uso. "Mimi nawafundisha kunyamaza, dada, wewe unawafundisha kuitika."

"Ni adabu tu. Watasahau hata kuwa ni watu."

Koleta alilelewa Suji, ambako mtoto akikutana na watu wazima kumi njiani huwaamkia wote kumi. Hakuwa na uso wa kumkataza mtu kuwafundisha wanawe kuamkia.

Oktoba ilikuja bila wingu lolote upande wa tambarare. Upepo ulivuma tangu asubuhi, ukaleta vumbi na harufu ya moshi wa mbali. Maji ya bomba yakakatika wiki nzima. Alhamisi, saa tano, Bibi Beatha alitoka nyumba ya mbele na fimbo yake kuwaambia wapangaji kwamba boza la maji litapita jioni na kila mmoja atoe ndoo zake. Alifika kwanza mlango wa kati. Hakujua kama Koleta yuko au hayuko; kufuli hakuliona. Akainua fimbo akagonga ubao mara tatu.

Mwanamkasi alikuwa na pini nne mdomoni. Alisikia kugonga kule, akajua papo hapo, lakini pini zilimzuia hata kutamka.

"Shikamoo shangazi," alisema Brightness ndani.

"Shikamoo," akasema Tumainieli, kwa zamu yake, kama alivyofundishwa.

Upepo uliendelea kuyagonga mabati. Bibi Beatha aligeuza kichwa pembeni.

"Marahaba," aliitika. Haiwezekani kutoitika, hata yeye hakuweza.

Mwanamkasi alitema pini mkononi, akatoka. "Bibi, ni redio hiyo. Koleta ameiacha."

"Redio haiamkii, mama," alisema Bibi Beatha kwa upole. Kisha akauinamia mlango. "Mko wangapi humo?"

Kimya. Kimya kile cha miezi minne, kilichokuwa kimefunzwa vizuri, kilirudi kimechelewa.

Bibi Beatha alipapasa kwa fimbo mpaka kwenye kisima, akakaa juu ya jiwe moja, na hapo akakaa kwa muda wa saa tano nzima bila kula. Mwanamkasi alimpelekea chai, ikapoa. Alitamani atukanwe. Asheri alirudi kutoka shule, akamwona, akasimama getini na begi lake asithubutu kuingia. Koleta alipofika na kumkuta mwanawe pale nje alikwenda moja kwa moja akapiga goti mbele ya jiwe.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wawili wa humo ndani nani aliwazalisha?"

"Nilijifungulia Suji, Bibi. Kwa mkunga wa kule."

"Alifanya kazi nzuri. Wana mapafu. Umewafungia kufuli kando ya kisima changu, Koleta. Moto ukiwaka, polisi hawatakuuliza wewe. Watakuja kwangu. Mimi jela siirudii."

"Watakuwa kimya zaidi."

"Hilo ndilo linalonitisha." Alinyoosha mkono hewani, akaukosa uso wa Koleta, akaurudisha. "Mmoja tulikubaliana. Mmoja abaki. Usangi yuko mjane namfahamu, hana mtu, atampokea mmoja kesho. Mwingine mpeleke kwa shemeji yako. Ukishindwa, Jumamosi toeni vitu."

"Nimchague yupi wa kubaki, Bibi?"

"Mimi nilikuwa napokea tu. Kuchagua haikuwa kazi yangu."

Ijumaa Sadock alimzungusha Koleta mji mzima kwa pikipiki, naye safari hii akasema ukweli kila mlango: watatu. Hakuna aliyemtukana. Wote walisema pole. Jioni walirudi, na Sadock alikuwa anatabasamu, ila tabasamu lake lilikuwa linamtazama Mwanamkasi badala ya Koleta.

"Tumepata. Bure kabisa. Kuna mtu wa Dar ana pagale lake huko chini, karibu na mpaka wa hifadhi. Lina bati, milango bado. Anataka familia ikae imlindie. Tena kasema wenye watoto ndio anaowataka."

"Aliyekuwepo amekwenda wapi?" Mwanamkasi aliuliza.

"Wameondoka."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Godoro lao bado lipo, hata kitanda hamtahitaji." Sadock akakuna shingo. "Kuna simtank la maji pale, mama. Kiangazi hiki tembo wananusa maji kutoka mbali. Lakini tembo anaogopa kelele. Mnapiga debe, watoto wanapiga mayowe, anaondoka. Ndiyo maana jamaa anataka wenye watoto."

"Na waliopita walikuwa na watoto?"

Sadock aliwasha pikipiki.

Mwanamkasi alimshika Koleta mkono. Alimwambia wabanane chumbani kwake, yeye atasema na Bibi. Alimwambia atamchukua Brightness aishi naye, ukuta mmoja tu na mama yake. Koleta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakushukuru dada. Lakini huko nimeulizwa wangapi, nikasema watatu, na mtu akajibu karibu. Wewe hujui nimelisubiri neno hilo tangu lini."

Jumamosi asubuhi guta, lile la injini na magurudumu matatu la kubebea mizigo, lilisimama getini. Vitu havikujaza hata nusu: mkeka, sufuria lile kubwa, begi la Asheri. Brightness na Tumainieli walitoka nje mchana kwa mara ya kwanza, wakafumba macho kwa mwanga, wakatembea uwanjani kwa ncha za vidole. Mwanamkasi hakuwa amewahi kuziona nyuso zao. Walikuwa weupe wa vumbi la ndani, na Tumainieli alikuwa na kidevu cha mama yake.

Bibi Beatha alitoka na debe tupu la mafuta na mwiko. Aliliweka ndani ya guta kwa kupapasa, karibu na miguu ya watoto.

"Mtapiga hili," alisema. "Msingoje mpaka mmwone."

"Hebu tujaribu," Mwanamkasi aliwaambia watoto, akijilazimisha kucheka. "Tembo amekuja. Pigeni mayowe."

Asheri alipiga yowe moja, la aibu, akamtazama Bibi. Brightness alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, na kilichotoka kilikuwa mnong'ono. Tumainieli aliziba mdomo kwa khanga ya mama yake, kama alivyozoea palipokuwa na hatari.

Koleta aliona. Aliwapanga watoto katikati ya vitu, akakaa nyuma kuwakinga, akasema "Twende."

Guta liliteremka kuelekea barabara kuu, likavuka, likashika njia ya vumbi upande wa tambarare. Bibi Beatha alibaki getini na kichwa pembeni. Mwanamkasi alisimama kando yake. Alikuwa amemwomba Brightness apige lile debe njia nzima mpaka nyumba zinapoishia, ili ajue kwamba wanafanya mazoezi. Upepo ulikuwa unatoka huko huko waliko, ungeleta hata kikohozi. Uliwaletea mlio wa injini, ukipungua, kisha vumbi.

"Unawasikia?" aliuliza.

"Hapana," alisema yule mwanamke mwenye masikio makali. Na hakuondoka getini.