Kitufe Kimepata Kamati

Jumamosi nilikuwa nakunywa chai hotelini hapa Makutano, Meru, na kwenye meza ya pili palikuwa na mkutano. Walikuwa watu wa programu fulani ya bure ya kutengeneza tovuti. Programu yenyewe haina mwenyewe. Ukiona kasoro unairekebisha, na dunia nzima inafaidi. Kasoro ilikuwepo: kitufe cha kutuma ujumbe kwenye tovuti hizo kilikuwa kinagoma kwenye simu za bei ndogo, hizi tunazotumia wengi wetu.

Walifungua kwa maombi. Wakachagua mwenyekiti, naibu, na mlezi ambaye hata hakuwepo. Kisha wakabishania rangi ya tisheti.

"Sisi watu wa Embu pia lazima tupate kiti!" bwana mmoja akagonga meza hadi vikombe vikaruka. "Tumechoka kumezwa na Meru!"

Akapewa unaibu wa pili, akatulia.

Dada mmoja mwenye laptopu akainua mkono. "Jameni, na hicho kitufe nani anarekebisha? Si ni kazi ya mchana mmoja tu?"

Wote wakainamia simu zao. Mwenyekiti akakohoa. "Madam, tufuate utaratibu. Hiyo itaenda kwa kamati ndogo. Na vile umeongea vizuri, wewe utakuwa mwakilishi wa akina mama."

Wakampigia makofi.

Kwetu watu hujitolea sana, hasa kujitolea kuongoza. Juzi nimeona picha ya viongozi wote kwenye tovuti yao, wamependeza kwa tisheti. Nikaandika pongezi hapo hapo kwenye tovuti, kwa simu yangu ya bei ndogo. Kitufe kimekataa kutuma.